Bendi ya Baloji

Kwetu safari haitangazwi. Unaaga ukiwa umeshafunga mkanda wa ndege, au unapiga simu ukiwa umeshafika, mama analia kidogo, kisha anauliza kama umekula. Kwa hiyo jiji sitalitaja na tarehe sitaitaja. Nitasema tu kwamba kuna mafunzo ya wiki tatu ya mafundi wa sauti huko Ulaya, jina langu limo kwenye orodha, pasipoti yangu imelala mezani kwa watu fulani wiki ya tano sasa, na Jumamosi ya pili ya mafunzo hayo, katika jiji hilohilo, bendi moja ya Zambia inapiga. Tiketi nimeshanunua. Viza sina.

Bendi yenyewe inaitwa WITCH. Ukiisoma kama neno la Kiingereza, ni mchawi. Ukizisoma herufi mojamoja, wenyewe wanasema ni We Intend To Cause Havoc, yaani tumekusudia kuleta vurugu. Sasa jaribu kumweleza mama yangu, katika nyumba ya Katuba ambayo kila Ijumaa usiku ina maombi, kwamba unakwenda Ulaya kuwasikiliza wachawi waliokusudia vurugu. Hapa Lubumbashi mchawi ni muloji, wakiwa wengi ni baloji. Ndilo jina la Baloji, rapa na mtengeneza filamu aliyezaliwa mji huu akakulia Ubelgiji, na si jina jepesi kulibeba katika nchi hii. Huko Bukavu na Goma wanatamka balozi, neno ambalo Mtanzania akilisikia anawaza bendera na gari lenye vioo vyeusi. Baada ya wiki tano za kusubiri viza, mimi naona watu wa Kivu hawakukosea sana.

Kinachonichekesha ni umbali. Kutoka hapa hadi Kasumbalesa ni kama kilomita 90. Ukivuka mpaka unapita Chililabombwe, unapita Chingola, unaingia Kitwe. Safari nzima ni kama kilomita 200, na foleni ya malori ikiwa na huruma unafika jua likiwa bado juu. WITCH ni vijana wa miji hiyo ya shaba, wa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Shaba yao na yetu ni mwamba mmoja, mpaka ulichorwa juu yake na watu ambao hawajawahi kula kikanda, chakula chetu cha mizizi na karanga. Mahindi ya bukari, ugali wetu, mengi yanatoka kwao, wakifunga njia wiki moja tu gunia la unga linapanda bei hapa na nyumba nzima inaanza kufuatilia siasa za Lusaka. Kibemba kinasemwa huku na huko. Na mimi, ili niwaone watu hawa wakipiga, naelekea zaidi ya kilomita 7,000 upande wa pili, kwa sababu tangu wafufuke wanapiga zaidi Ulaya na Marekani kuliko huku kwetu.

Niliwajua kwa kuchelewa na kwa aibu. Mimi ni fundi wa sono. Makanisa, harusi, matanga, kampeni za wanasiasa: spika ikikoroma, wananiita. Mwaka juzi kanisa moja la ng'ambo ya mpaka liliniletea amplifaya ya gitaa iliyoungua. Nilibadilisha transfoma na kapasita mbili, nikamwambia mpiga gitaa wao aijaribu. Nilitegemea wimbo wa sifa. Kijana akachomoa kwenye begi kipedali cha fazi, kile kinachoikwaruza sauti makusudi, akapiga noti nne tano za chini, nzito, zenye vumbi, kama lori linalopanda mlima kwa gia ya kwanza. Nilidhani amplifaya imeungua tena. Nilikuwa nimeshanyoosha mkono kuizima aliponiambia kwa Kibemba kwamba hapana, ndivyo ilivyo, hiyo ni WITCH. Halafu akaniuliza mimi ni mwenyeji wa wapi hata nisiijue.

Katika kazi yangu nina sharti moja: sigusi mikseri ya kwaya ambayo sijaisikia mazoezini. Nikijua sauti ya nani inapasuka juu na nani anameza maneno, kazi inakuwa nyepesi. Kwa hiyo tiketi ilipopatikana (rafiki aliyeko huko alinilipia kwa kadi yake, mimi nikamlipa mdogo wake hapa noti kwa noti), niliamua kuwasikiliza WITCH kwa mpangilio, albamu baada ya albamu, kuanzia ya kwanza. Zipo tisa nilizozipata. Tano za ujana wao pamoja na mwimbaji wa mwanzo, mbili walizofanya bila yeye, na mbili za uzee. Umeme mtaani kwetu unarudi kama saa saba usiku na kuondoka alfajiri, na mega za intaneti za usiku ni rahisi, kwa hiyo nilizisikiliza nyingi katika saa hizo, nimelala chali, spika za masikioni zimefungwa kwa gundi ya umeme upande mmoja.

Introduction ni ya 1972. Inahesabiwa kuwa albamu ya kwanza ya bendi ya Zambia kutolewa kibiashara, na inasikika hivyohivyo, kama kitu cha kwanza. Sauti nyembamba, chai ya mwisho wa mwezi. Ngoma ziko kama chumba cha pili. Sauti ya mwimbaji imesukumwa mbele, kisha kinanda, kisha gitaa linaloingia kwa fujo na kutoka bila kuaga. Wanaimba Kiingereza cha vijana waliokisoma shuleni na kukimalizia redioni. Mwimbaji, Emmanuel Chanda, anajulikana kwa jina la Jagari, na jina hilo ni Jagger wa Rolling Stones aliyevalishwa irabu za Kibantu. Hawakuficha walikojifunzia. Niseme ukweli, usiku wa kwanza nilisinzia kabla ya kufika mwisho. Nilipoirudia nikagundua nilikuwa nasikiliza kama fundi, nahesabu makosa. Nikaacha kuhesabu. Usiku wa tatu "Home Town" ilikuwa imenikaa kichwani hadi kazini.

In the Past, ya 1974, ni bendi iliyokwisha kupiga sana mbele ya watu. Unaisikia kwenye mapumziko: wanajua wote mahali pa kunyamaza. Mengi ya kusema sina, isipokuwa kwamba mpiga kinanda, Paul Mumba, waliyemwita Jones, alistahili kusifiwa zaidi. Watu wakizungumzia muziki huo, ambao siku hizi unaitwa Zamrock, wanazungumzia gitaa tu.

Lazy Bones!! ndiyo iliyonivunja. Ni ya 1975, ina alama mbili za mshangao kwenye jina na inazihitaji zote. Ni nzito na ya huzuni. Gitaa la Chris Mbewe linapitishwa kwenye kipedali cha wah-wah hadi linakuwa kama mtu anayesema huku amefunikwa mdomo, na chini yake kuna besi ya Gedeon Mwamulenga isiyokimbia kwenda popote, inatembea tu kama mlinzi wa usiku. Sikiliza "Strange Dream", sikiliza "October Night", kisha sikiliza "Motherless Child" ukiwa peke yako gizani, halafu uniambie. Wapenzi wa sahani za muziki za zamani huko Ulaya wanaisaka hii kuliko zote, na safari hii, jambo lisilo la kawaida kwangu, nakubaliana na matajiri.

Ilikuwa Jumapili mchana, niko kwenye hiyo albamu ya tatu, mjomba alipokuja kula. Ni kaka wa mama, alikuwa fundi umeme wa mgodi, sasa ana miaka sabini na kitu na goti moja linalotabiri mvua. Umeme haukuwapo. Nilikuwa nimeweka simu ndani ya sufuria tupu ili sauti itoke, hila ambayo kila mtu hapa anaijua, ila wengi wanakosea: sufuria ya alumini nyembamba inapiga kelele, ya chuma inaimeza besi. Chukua ile ya wastani, iegemeze ukutani kidogo, simu isimame kwa upande wa spika. Tulikuwa na bukari, sombe (kisamvu), na samaki thomson aliyekaangwa hadi mapezi yakawa biskuti. Mjomba alikuwa amefinyanga tonge lake, ameshalichovya. Mkono ukabaki hewani, mchuzi unadondoka.

"Hii njo WITCH," akasema.

"Yomba, unabajua?"

"Weye! Tulikuwa tunaendaka kubaona Chingola."

Nikamuuliza mwaka gani. "Mwaka gani, mwaka gani. Mwaka ile suruali zilikuwa hivi," akaonyesha kwa mikono upana wa karai, tonge likiwa bado vidoleni. Walikuwa wawili, yeye na mwenzake wa zamu. Walikuwa wanatoka kazini Jumamosi, wanavuka na kikaratasi cha siku chache, wanalala kwa shangazi wa huyo mwenzake. Waliozoea rumba walikuwa wanabeba viatu vya kucheza. Wao walibeba pamba ya masikio, wakaitupa baada ya wimbo wa pili.

Miezi yote hiyo nimekuwa nikisoma habari za watu hawa usiku kwenye kioo kilichopasuka, na aliyewaona kwa macho alikuwa anakuja kula kwetu kila Jumapili.

Nilichokwisha kusoma kilikuwa hiki: kwamba maonyesho yao yalianza saa moja jioni na kwenda hadi saa nane usiku, kwamba polisi walikuwa wanaitwa kuzuia umati, kwamba Jagari aliruka kutoka kwenye roshani za kumbi. Nilimsomea mjomba. Akasikiliza kama mtu anayesomewa ripoti ya ajali aliyokuwamo. Hakukataa, hakukubali. Kilichomsumbua kilikuwa kingine. Aliinama hadi sikio likafika kwenye sufuria, akakaa hivyo, kisha akajinyoosha kwa kushika goti.

"Hii haina nguvu. Kule kifua kilikuwa kinatetemekaka."

Nikamweleza mambo ya mashine za kurekodi za zamani, nyimbo zilivyobanwa ziingie kwenye sahani, na kwamba hata spika yenyewe sasa hivi ni sufuria. Nikamweleza mpango wangu wa kusikiliza albamu zote kabla ya kwenda. Akanitazama kwa huruma ile anayomtazamia mtu aliyesomea kuogelea kitabuni.

"Mwipwa, muziki habaisomake. Banaichezaka."

Tangu siku hiyo tumekuwa na kesi ambayo haijaisha. Yeye aliwaona bila kuwahi kushika sahani yao hata moja. Mimi ninazo zote na sijawaona. Yeye hajui jina la wimbo wowote, ila ukimwekea anajua mguu gani unaanza. Mimi najua mwaka, najua nani anapiga nini, na nimekaa kitako muda wote huo. Anadai sahani zitaniharibu, nitafika pale nikiwa nasubiri wimbo ufanane na ule wa kwenye simu, na muda huo bendi itakuwa imeshanipita. Mimi nadai kwamba Mzungu aliyesimama karibu yangu atakuwa amezisikiliza zote, na sitaki mtu wa huko anijulishe jirani yangu. Hapo mjomba hunyamaza, kwa sababu anajua hiyo sababu si ya muziki.

Swali ambalo wote wawili tulikubaliana ni la haki ni hili: ilikuwaje mimi, mtoto wa mji huu, fundi wa sono, nikafika umri huu bila kuwajua? Jibu moja ni marais. Huko Zambia Kenneth Kaunda, ambaye mwenyewe alipenda gitaa na kuimba mbele ya umma, aliamuru asilimia 95 ya muziki wa redioni uwe wa Wazambia. Vijana wa migodini wakapata nafasi ya hewani, wakaijaza na fazi, suruali za karai na Kiingereza. Huku kwetu Mobutu naye alitaka uhalisi. Mkoa ulishabadilishwa jina kutoka Katanga kuwa Shaba, tai zikakatazwa, tukavaa abakosti, lile koti lisilovaliwa na tai, na redio ikatuletea Kinshasa asubuhi, mchana na usiku. Sina ugomvi na rumba, imenilipia nyumba. Lakini Kinshasa ni mbali nasi mara nyingi kuliko Kitwe, na tukafundishwa kugeuzia shingo huko. Amri mbili zilizofanana, kila moja ikasimamisha ukuta wake pale Kasumbalesa, na muziki ukavuka tu kwa miguu ya watu kama mjomba, Jumamosi, na kikaratasi.

Zamani haikuwa hivyo. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi Jean-Bosco Mwenda huko Likasi, enzi hizo ikiitwa Jadotville, na lile gitaa lake la vidole viwili likasafiri bila pasipoti hadi Nairobi. Ninaposikiliza Lukombo Vibes, ya 1976, nasikia mahali fulani gitaa la kusindikiza likiacha kukwaruza na kuanza kudona, na sikio langu linakimbilia Likasi. Hayo ni masikio ya mtu wa Katanga, si ushahidi. Ila albamu hiyo ndiyo ambayo WITCH wanaanza kugeuka nyuma, midundo ya nyumbani inaingia, lugha za nyumbani zinaingia. Hata jina. Nilikuwa nimelipita bila kuliuliza hadi mjomba aliposema lukombo ni kile kibuyu kilichokatwa, cha kuchotea munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi. Kikombe, basi. Nimekunywea kitu hicho kwa bibi yangu utoto wote.

Including Janet ni ya 1977. "Janet" wenyewe ni wimbo wa kupendeza, na jalada linakuahidi hivyo kwa kuandika kabisa kwamba wimbo uliovuma umo ndani, biashara ya wazi ambayo naiheshimu. Lakini ukizisikiliza kwa mpangilio unahisi chumba kinapoa. Bei ya shaba ilikuwa imeanguka tangu 1974 na 1975. Reli ya Benguela, iliyobeba shaba ya Zambia na yetu hadi Atlantiki, ilikatwa na vita vya Angola mwaka huohuo wa 1975. Huku kwetu, 1977, vita vya kwanza vya Shaba. Kule kwao, vita vya Rhodesia vikawaletea amri za kutotoka nje na kuzima taa. Bendi inayopiga hadi saa nane usiku itafanya nini katika mji unaozimwa jioni? Wakajaribu kupiga mchana. Mjomba anasema hakuwahi kurudi baada ya hapo. Na nikimuuliza kwa nini, anasema zamu zilibadilika.

Jagari aliondoka. Waliobaki walitoa Movin' On mwaka 1980 na Kuomboka mwaka 1984, disko safi, kinanda cha Patrick Mwondela kinang'aa kama sakafu iliyopigwa nta. Niliziruka, nikaona aibu, nikarudi. Kuomboka nimeipiga kwenye harusi moja ya Kampemba baada ya keki, hakuna aliyeuliza ni nani, wote walicheza.

Kisha kimya cha miaka 39.

Kuna jambo nililisoma katikati ya kimya hicho ambalo liliniharibia mpangilio wangu wote. Kufikia 2001, wote waliokuwa na Jagari katika kikosi cha kwanza walikuwa wamekufa: Chris Mbewe, John Muma, Gedeon Mwamulenga, Paul Mumba, na mpiga ngoma Boidi Sinkala. Ukimwi uliwafyeka wanamuziki wa kizazi hicho cha Zambia kama ulivyowafyeka wa kwetu. Nilisoma hayo kama saa tisa usiku, Lazy Bones!! ikiwa inacheza. Nikaona sauti niliyokuwa naisikia kama kosa, ngoma iliyovuja na kuingia kwenye maiki isiyo yake, ndiyo chumba chenyewe. Watu sita wamejibana mahali pamoja, mmoja akipiga, wote wanatikisika. Siku hizi tunarekodi kila mtu peke yake, siku yake, saa yake, tunawaunganisha kwenye kompyuta. Inatoka safi. Ukiwazima watano, wa sita anabaki bila doa la wenzake. Kwenye Lazy Bones!! huwezi kumzima mtu.

Jagari alifundisha, kisha akaingia kuchimba vito. Mwimbaji wa bendi kubwa ya Zambia, na sepetu. Hapa mtaani wakrezeri, kama tunavyowaita wachimbaji wa mkono, ni nusu ya vijana niliosoma nao. Mmoja alikuwa mpiga besi wa kwaya yetu ya shule na vidole vyake leo havipindi tena. Kwa hiyo niliposoma habari ya sepetu sikushangaa kama wanavyoshangaa waandishi wa Ulaya. Nilichoshangaa ni kwamba alitoka. Lebo moja ya Marekani, Now-Again, ilizikusanya albamu za zamani na kuzitoa upya mwanzoni mwa miaka ya 2010. Mwitaliano Gio Arlotta akamfuata na kamera, filamu ikatoka 2019. Vijana wa Kiholanzi, Jacco Gardner na Nic Mauskoviç, wakasimama mahali pa marehemu, Patrick Mwondela akarudi kwenye kinanda, na yule mzee akapanda jukwaani tena.

Nilikuwa na wasiwasi na Zango. Bendi zinazorudi baada ya miaka mingi nazijua, huwa zinapiga kumbukumbu zao wenyewe, polepole. Hii ya 2023 ilirekodiwa Lusaka, jina lake linamaanisha mahali pa kukutana, na ina nguvu kuliko ilivyohitaji. Sampa the Great, rapa mzaliwa wa Zambia, anaingia kwenye "Avalanche of Love" kama mjukuu anayejua funguo za nyumba ziko wapi. Kuna wimbo unaoitwa "Unimvwesha Shuga", na mtu yeyote wa huku, hata asiyejua lugha yenyewe, anasikia sukari na anasikia kusikia. Kuna mbili tatu zinazochosha, zenye mahubiri. Sauti ya Jagari imekuwa nzito na ina mchanga, na fundi aliyeichanganya alikuwa na busara ya kutousafisha.

"Waile" nilimwekea mjomba kwa makusudi. Ni wimbo wa kuomboleza walioondoka, unaanza taratibu kisha unageuka mbio katikati, na neno lenyewe ni Kibemba: ulienda. Sufuria ileile. Alisikiliza yote, akasema nirudishe. Nikarudisha. Akasema nirudishe tena, mega zikaisha, akatoa mfukoni noti ya faranga elfu moja iliyokunjwa mara nne akanituma kwa mama wa kibanda cha kona. Nilipotoka nilimsikia anamwambia mama yangu kitu kuhusu yule mwenzake wa zamu, na mama akijibu kwamba hata yeye alikuwa amemsahau.

Sogolo, ya 2025, bado niko nayo. Jina ni la Kinyanja, ni mbele, siku zijazo. Nimeisikiliza mara nne tu, na sitaki kuimaliza kabla ya viza kutoka, nadhani unaelewa.

Mjomba hajaomba fulana, hajaomba viatu, ambavyo ndivyo kila mtu anaomba. Ameomba nisipige video. Video anazo nyingi, anasema, bajukuu banamujazia nazo simu. Anataka nimpigie, moja kwa moja, wakati wanapiga, niiache simu hewani hadi mkono uchoke. Nilimweleza kwamba simu inabana sauti, inaondoa besi na kubakiza kelele, kwamba nitakachomtumia kitakuwa kibaya kuliko sahani ya 1972. Akasema yeye ndiye atakayejua.

Kwa hiyo Jumamosi iliyopita tulifanya majaribio. Niliomba ruhusa kwenye baa moja ya Kenya, mtaa wa hapa, nilikowahi kuwatengenezea spika, nikasimama mbele ya bafo kubwa na simu imeinuliwa, wateja wananitazama. Yeye alikuwa nyumbani Katuba, simu yake ndani ya sufuria, ameegemea ukuta. Nikasubiri wimbo mzima. Nilipoirudisha sikioni alikuwa anaongea tayari, sijui tangu lini.

"... hapana, ngoma siisikii. Songa. Songa mbele, mwipwa, unaogopa nini?"